Peptidi za ngozi hapa Lubumbashi: cha kununua kwanza, cha kununua baadaye, na kisichofaa kuingia mwilini

Mwezi wa saba, vumbi la kiangazi likiwa limeingia mpaka ndani ya kabati, mdogo wangu alifika kwangu Kamalondo akanipa kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba. Ndani mlikuwa na unga wa samawati ulioganda chini. "Yaya, hii ndiyo peptidi. Inarudisha ngozi. Unachanganya na maji, unajichoma sindano tumboni kila jioni." Alikinunua kwa WhatsApp, kwa muuzaji ambaye sura yake hajawahi kuiona. Nilikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na jina la kiwanda, nambari ya toleo wala tarehe ya kuisha. Kulikuwa na maandishi madogo tu: kwa utafiti, si kwa matumizi ya binadamu. Na mpira wa kifuniko ulikuwa tayari na tundu la sindano.

Nimefanya kazi farmasi miaka mingi, na tangu siku ile sijaacha kuulizwa habari za peptidi. Basi nimepanga hapa chini vitu vinavyouzwa mjini kwa jina hilo au kwa ahadi hiyo hiyo, kuanzia kinachostahili pesa yako.

Peptidi ni vipande vifupi vya protini. Vingine vinadhaniwa kuiambia ngozi itengeneze kolajeni, ile nyuzi inayoishikilia isilegee. Iliyo maarufu kuliko zote, GHK, ilitambuliwa mwaka 1973 na Loren Pickart katika damu ya binadamu. Ikishikana na shaba inaitwa GHK-Cu na inakuwa ya samawati, ndiyo maana ya rangi ya ule unga.

Nafasi ya kwanza naipa krimu ya kukinga jua, ingawa haina peptidi hata chembe. Najua hukuja kuisikia hiyo. Lakini jua la Lubumbashi linatupiga tukiwa zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na jua ndilo linalovunja kolajeni. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa miaka minne na nusu, na matokeo yakatolewa 2013: waliopaka kila siku ngozi yao haikuonyesha kuzeeka zaidi. Wengi wao walikuwa weupe, nakubali. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Hata hivyo sisi shida yetu kubwa ni madoa meusi, na hayo yanachochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kwa hiyo mwenye madoa atafute krimu yenye kipimo cha kinga ya jua, SPF, cha 30 au zaidi, yenye rangi ya ngozi ndani yake: rangi hiyo ni oksidi ya chuma, nayo inazuia mwanga ambao krimu nyeupe inaupitisha. Zaidi ya hiyo, ongeza mafuta mazuri ya kulainisha asubuhi za baridi. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja, ishie hapa.

Nafasi ya pili ni seramu au krimu ya peptidi ya kupaka. Kisheria haina utata: ni kipodozi, kama losheni, mradi imeingia kihalali. Mizigo ya mpakani Kasumbalesa inayopita njia iliyonyooka hukaguliwa na OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Usalama wake pia ni mzuri. Baya linalotokea mara nyingi ni muwasho. Je, inafanya kazi? Kidogo. Utafiti uliochapishwa 2005 ulijaribu peptidi iitwayo Palmitoyl Pentapeptide-4 kwa wanawake 93 wa miaka 35 hadi 55, wiki 12, nusu ya uso ikipakwa yenye peptidi na nusu isiyo nayo. Makunyanzi yalipungua, lakini kwa kiasi kidogo, na waliofanya utafiti walikuwa wa Procter & Gamble, kampuni inayouza krimu. Kwa hiyo nunua ya bei ya chini. Ziko za dola 10 na ziko za dola 100, na bei peke yake haikuhakikishii chochote.

Ukishika boksi, tafuta majina haya: Palmitoyl Pentapeptide-4, Copper Tripeptide-1, Acetyl Hexapeptide-8. Wauzaji watakwambia peptidi lazima iwe mwanzoni mwa orodha. Si kweli. Katika ule utafiti wa wanawake 93 ilikuwa sehemu 3 katika milioni, na viungo vilivyo chini ya asilimia 1 kiwanda kinaruhusiwa kuvipanga kinavyotaka. Mimi naangalia mambo mengine: anwani ya mtengenezaji, nambari ya toleo ifanane kwenye boksi na kwenye chupa, muhuri usiwe umefunguliwa. Katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nimeshika chupa ya seramu ambayo lebo yake ilitoka na kidole changu. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine ya mafuta ya nywele. Na omba risiti. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kukujibu.

Kabla ya kupaka usoni, paka ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, siku saba. Kwenye ngozi yetu muwasho hauishi na kupoa. Unaacha doa la miezi.

Nafasi ya tatu, retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka. Kwa makunyanzi ina ushahidi mwingi kuliko peptidi, ningeipandisha juu kama isingekuwa kali. Ulaya imeiwekea kikomo cha asilimia 0.3 kwa krimu za uso. Mama mjamzito asiiguse. Anza usiku mbili kwa wiki, na bila krimu ya jua asubuhi usiinunue kabisa.

Nafasi ya nne ni ya kuacha: kopo lisilo na jina, "mchanganyiko" wa kung'arisha ambao siku hizi wameubandika neno peptidi ili upendeze. Peptidi halisi inataka wiki nane hadi kumi na mbili. Kopo likikutakatisha kwa siku tano, shuku kwamba ndani mna klobetasoli (dawa kali ya steroidi), haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha) au zebaki. Klobetasoli inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, mpaka kidonda cha upasuaji kinakataa kufunga. Zebaki inaharibu figo, na inamfikia mtoto anayebebwa.

Mwisho kabisa, na hapa naomba unisikilize, ni vichupa vya sindano. Kitu kinachochomwa mwilini si kipodozi, ni dawa. Dawa Congo inahitaji kibali cha kuuzwa, AMM, na msimamizi ni ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi. Maneno "kwa utafiti" ni mlango wa nyuma wa muuzaji, akupe dawa bila kuwajibika nayo. Wala usidhani ng'ambo ni halali: mwaka 2023, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiweka GHK-Cu ya sindano, pamoja na BPC-157, peptidi nyingine, kwenye kundi la malighafi zenye hatari kubwa za usalama ambazo farmasi hazipaswi kuzitengenezea dawa.

Watakuonyesha cheti cha maabara chenye asilimia 99. Cheti hicho kinapima usafi wa peptidi katika kichupa kimoja walichokituma. Hakisemi kama kichupa chako hakina vijidudu, wala kama hakina sumu wanazoacha bakteria waliokufa, zile zinazoleta homa na kutetemeka. Na unga ukishachanganywa na maji unataka baridi ya nyuzi joto 2 hadi 8. Umeme ukikatika jioni na kurudi asubuhi, friji yako imekuwa kabati.

Mdogo wangu alikuwa amejichoma mara nne kabla ya kuja. Kushoto kwa kitovu palikuwa pagumu, pekundu, pa moto. Siku tatu baadaye daktari alipasua jipu, akamwandikia antibiotiki, akampima virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kwa sababu ya lile tundu kwenye mpira. Majibu yalikuwa mema. Kovu lipo, refu kama punje ya muhindi, jeusi.

Kama wewe umekwisha kujichoma, simama leo. Ukiona uvimbe, homa au pumzi kubana, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ubebe kichupa chenyewe, hata kikiwa tupu, na sindano ndani ya chombo kigumu. Mwambie daktari ni mara ngapi na lini. Usione haya. Daktari akikosa kujua ulichoweka mwilini, atatibu kwa kubahatisha.