Seti ya Dai za Kukatia Hesi za Mabomba: Tathmini Baada ya Miezi Minane ya Kazi Arusha

Seti ninayoitathmini ni ya dai, yaani vifaa vyenye meno vya kukatia hesi (mifereji ya mzunguko kwenye ncha ya bomba, kama ya skrubu). Ni ya mkono, yenye racheti (mpini unaosukuma kwa upande mmoja tu) na vichwa vitatu vya nusu inchi, robo tatu na inchi moja. Niliinunua kwa shilingi 185,000 katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero, nami nimeifanyia kazi kwa miezi minane katika nyumba za Njiro, Sakina na Usa River. Nimeridhika nayo, lakini niliipata baada ya kupoteza fedha kwa seti nyingine, na chanzo cha hasara ile ndicho kitu ambacho fundi bomba anapaswa kukikagua kabla hajauliza bei.

Seti ile ya kwanza haikuwa na maandishi yoyote kwenye vichwa vyake. Nilipomuuliza muuzaji ni ya hesi za aina gani, alinijibu, "Fundi, hesi ni hesi." Bomba la nusu inchi nililokata siku hiyo lilipokea kona yake (kiungio cha kukunja njia ya bomba) bila taabu, nikaamini. Wiki iliyofuata, nikiwa Njiro ninaunga bomba la inchi moja kutoka kwenye tangi, soketi iliingia mizunguko mitatu ikakaza, na hata spana ya bomba haikuweza kuisogeza zaidi. Kumbe zilikuwa dai za hesi za Kimarekani, NPT, zenye pembe ya digrii 60, ilhali vifaa tunavyouziwa hapa ni vya hesi za Kiingereza, BSP, zenye pembe ya digrii 55. Kwa bomba la inchi moja, hesi za Kiingereza ni 11 katika kila inchi ya urefu, na za Kimarekani ni 11 na nusu, kwa hiyo haziwezi kuoana. Bomba la inchi moja angalau linakataa mbele ya macho yako. Kwenye nusu inchi na robo tatu, aina zote mbili zina hesi 14, hivyo kifaa kinaingia, mkono hausikii tofauti kubwa, na maji yanaanza kuchuruzika ukuta ukiwa umeshapigwa plasta. Nililazimika kurudi Sakina kubomoa ukuta wa bafu nilioukamilisha mwenyewe, kwa gharama yangu, mama mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni.

Seti ya sasa imepigwa chapa ya BSPT, yaani hesi za Kiingereza zinazopungua upana kuelekea nchani, kwenye kila kichwa. Kila kichwa kina meno manne yenye namba 1 hadi 4, ambayo lazima yarudishwe katika nafasi zake kwa mpangilio huo kila yanapotolewa kusafishwa, kwani ukiyachanganya yanararua chuma badala ya kukikata. Meno haya ni makali: ukitia mafuta ya kutosha, chuma kinatoka kimejikunja vipande virefu, na hesi zinabaki laini ukizipitishia kucha. Ninaacha kukata pale ncha ya bomba inapolingana na ukingo wa meno, kwa sababu bomba la nusu inchi linahitaji hesi za kufaa za takribani milimita 13 tu.

Hata dai nzuri haiokoi bomba jembamba. Hesi ya nusu inchi inachimba milimita 1.16 ndani ya chuma. Ukuta wa bomba ukiwa na milimita 2.6 unabaki na uzima wa kutosha, lakini mabomba mepesi ya milimita 2 yamenivunjikia mara mbili palepale kwenye hesi. Siku hizi ninakwenda dukani na kipimo cha kalipa ili kupima unene wa ukuta wa bomba.

Kasoro za seti hii ni mbili. Mpini wake ni mfupi, na kwa bomba la inchi moja nguvu inayohitajika ni kubwa mno kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Kasoro ya pili inanisumbua zaidi: duka lina meno ya akiba ya nusu inchi pekee. Kwa kuwa meno ya robo tatu ndiyo ninayoyatumia kuliko yote, ninamshauri mnunuzi aombe kuonyeshwa akiba ya meno ya vichwa vyote vitatu kabla ya kulipa, na kama haipo, apunguziwe bei.