Stendi ya kunawia ya kukanyaga kwa mguu, ya fundi wa kuchomelea hapa Mtwara: inafaa au haifai?

Kwa wenye haraka: inafaa, nunueni, ila msikubali ile yenye koki ya plastiki. Wenye mda kaeni nieleze vizuri, maana kuna dada wa saluni kaniuliza na nikianza kumjibu kwa vois noti hatumalizi leo.

Mi ni fundi cherehani, nina fremu ndogo ya duka maeneo ya soko kuu hapa Mtwara mjini, vyerehani viwili na ovaloki moja na binti mmoja anayejifunza kwangu. Stendi nilichongesha mwaka 2020 mwezi wa nne, korona imepamba moto, na mpaka leo ipo mlangoni inafanya kazi, kwa hiyo hii sio review ya mtu aliyenunua jana akapiga picha.

Kitu chenyewe kilivyo ni fremu ya skweya paipu, yale mabomba ya chuma ya pembe nne, kimo cha kiunoni, juu inakaa ndoo ya lita 20 yenye koki, chini yake beseni, beseni lina mpira wa kutolea maji machafu, alafu pale chini kabisa kuna pedeli mbili. Ukikanyaga ya kulia inavuta waya, na waya wenyewe ni ule ule wa breki za baiskeli, koki inafunguka maji yanatoka, ukiachia springi inairudisha inajifunga yenyewe. Ya kushoto inakandamiza kichupa cha sabuni ya maji. Yaani unanawa mwanzo mwisho hujashika chuma. Mi nakanyaga cherehani siku nzima, mguu ulielewa kabla kichwa hakijaelewa.

Sasa kwa nini fundi nguo atoe hela yake mwezi mbaya namna ile anunue ndoo ya kunawia? Hapa ndio penyewe.

Tarehe 16 Machi 2020 waziri wa afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, yuko Arusha, mbali kweli na sisi. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, jirani yetu wa Ruangwa huyo, akatangaza shule zinafungwa. Kwa watu wengine shule kufungwa ni watoto wanarudi nyumbani kusumbua, kwangu mimi ni sare zimekufa, maana kuna wazazi huwa wanaanza kunilipa kidogo kidogo kwa ajili ya muhula wa mwezi wa saba, wote wakaja kusema fundi tusubiri kwanza. Nikawaelewa, ningewafanyaje.

Alafu tukawa tunasikia Rwanda wamefungia watu ndani, Uganda nao, Kenya usiku hutoki, na hapa ng'ambo ya Ruvuma Msumbiji wakatangaza hali ya dharura kuanzia tarehe 1 Aprili. Sisi hatukufungiwa, Rais Magufuli alisema watu wachape kazi huku wanajikinga. Watu wanadhani kutofungiwa ni raha tu. Kwa aliyejiajiri maana yake uamuzi ni wako na mzigo ni wako, ukifunga umejifunga mwenyewe, mwenye fremu anataka kodi yake na kikoba kinataka marejesho Jumamosi, ukifungua alafu ukamwambukiza mama wa watu aliyekuja kupima gauni, nani alifungua? Wewe. Nilisoma kwenye simu kwamba Uingereza waliojiajiri watapewa na serikali asilimia 80 ya wastani wa faida yao ya mwezi, nikamsomea yule binti anayejifunza kwangu tukacheka mpaka basi. Mi nilikuwa na kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu 20 kinaning'inia shingoni, kinanipa ruhusa ya kufanya biashara, hakinipi chakula cha kukaa nyumbani.

Na mwezi wa nne Mtwara mnaujua. Hela ya korosho imeingia kwenye minada ya mwezi wa kumi, wa kumi na moja, imejenga, imeoa, imenunua bodaboda, ikifika masika imebaki stori. Hakuna mwenye akiba, si mteja si fundi. Tegemeo langu lililobaki lilikuwa Idi, Ramadhani inaanza mwishoni mwa mwezi ule na Idi mwishoni mwa mwezi wa tano, kanzu, madera, vigauni vya watoto, hiyo ndio inayonilipia kodi. Kwa hiyo swali halikuwa nifanye kazi au nipumzike, swali lilikuwa naiacha Idi au siiachi.

Majirani kila mmoja na lake. Kinyozi alikuwa anaingiza mmoja mmoja, wengine wanakaa nje kwenye benchi wanapiga stori wamebanana, sasa sijui alikuwa anazuia nini. Fundi rangi aliondoka kabisa akaenda kwao Newala kulima. Fundi bomba aliendelea kama hakuna kitu, anasema maji yakimwagika chumbani kwa mtu hayasubiri korona iishe. Mimi shida yangu ni kwamba kazi yangu ni kumshika mtu. Futi inapita kifuani, kiunoni, begani, pumzi zenu zinakutana, huwezi kumpima mtu umesimama mita mbili. Na nyumbani Chikongola nina mama mzee ana kisukari. Takwimu nazo baadaye zikaishia kwenye wagonjwa 509 nchi nzima, baada ya hapo ukawa unaamua kwa kusikia sikia tu nani kaumwa mtaa gani.

Nikasema nafungua, lakini kwa masharti yangu, na asiyeyataka aende kwingine. Ndio nikaenda kwa huyu fundi wa kuchomelea.

Yuko upande wa Magomeni, karakana yenyewe ni uwazi tu chini ya mwembe. Jina siliandiki sijamuomba ruhusa, wa huku mkiuliza fundi wa stendi za kunawia mtaonyeshwa. Nilimkuta na yeye yuko kwenye hesabu zile zile, oda za mageti na magrili zimekatika kwa sababu wenye nyumba wamesimamisha ujenzi, ana vijana wanamtegemea, kafikiria kufunga, kafikiria tena, akaona bora abadilishe anachochomea. Nikamuuliza kaka hii kitu kweli inazuia korona? Akanijibu, "Dada fundi, mi sijui kama inazuia korona. Mi najua inazuia watu kushika koki." Hapo hapo nikatoa hela, mtu asiyekudanganya akiwa na njaa ni wa kununua kwake. Bei ilikuwa 75,000 pamoja na ndoo, mi nilipeleka ndoo yangu akanifanyia 60,000. Aliahidi keshokutwa, ikaja wiki inayofuata, na tabia hiyo ya keshokutwa mafundi wote tunayo na mimi nimo, kwa hiyo sikatii nyota hapo.

Jinsi ilivyonisaidia ndio sikutegemea. Kumwambia mzee wa Kimakonde, kaja na kofia yake na heshima zake, "babu nenda kanawe kwanza", ni tusi, hata useme kwa upole gani anaona umemuita mchafu. Stendi ikiwa imesimama mlangoni hakuna aliyemwambia mtu, anaiuliza hii nini, anakanyaga, maji yanatoka, anafurahi, anakanyaga tena, keshanawa. Wamama wakawa wanaitana waje waone. Watoto ndio walinimalizia maji, wanapanga foleni kunawa kama mchezo, ikabidi binti awe anachungulia, maana siku bomba halitoki dumu la lita 20 tulikuwa tunanunua shilingi 500 na ndoo moja haimalizi asubuhi.

Lakini nisiwadanganye, stendi peke yake isingetosha na mkinunua kwa kudhani ni kinga kamili mmepigwa. Sabuni inaua kirusi kwenye mikono, sawa, inayeyusha lile ganda lake la mafuta, ila huu ugonjwa njia yake kubwa ni hewa, na baadaye wataalamu walilisema hilo kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Kilichonitoa ni vyote kwa pamoja, nilihamisha upimaji ukawa nje kwenye kibaraza, mteja kageuka mimi niko mgongoni na barakoa, na mwenye gauni lake linalomkaa vizuri alete sampo nipime nguo nisimpime yeye, malipo kwa simu. Vipande vya vitenge vilivyobaki nikavishonea barakoa, lastiki ilipopanda bei nikawa naweka kamba za kitambaa za kufunga nyuma, hata hazikuumiza masikio. Mwezi wa sita Shirika la Afya Duniani likasema barakoa ya kitambaa iwe ya safu tatu, wateja wakarudi tena kununua nyingine. Idi ilipita, sikutajirika, kodi nililipa, mama yangu hakuumwa. Siwezi kusema ni kwa sababu ya ndoo.

Sasa mabaya yake, na yapo.

Koki. Ile aliyoniwekea mwanzoni ni ya plastiki ya kwenye ndoo za dukani, haijatengenezwa kuvutwa na waya mara mia kwa siku, ikapasuka shingoni katikati ya Ramadhani, maji yote yakaingia dukani chini ya mizigo ya watu, bahati vitambaa vilikuwa juu ya meza. Nilimpigia simu akaja mwenyewe jioni ile ile baada ya kufuturu, akafunga koki ya chuma, akanidai hela ya koki tu, ufundi hakunidai. Hiyo ndio sababu namsifia hadi leo, lakini ndio nasema pia angeweka ya chuma tangu mwanzo, tofauti yake haifiki bei ya kilo mbili za mchele.

Waya unashika kutu. Huu upepo wetu wa bahari hauachi chuma salama, baada ya miezi kadhaa pedeli ikawa nzito, unakanyaga kama unasukuma gari. Dawa yake ni rahisi, nenda kwa fundi baiskeli yeyote nunua waya mwingine, na upake grisi. Fremu yenyewe alipaka redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, kabla ya rangi kwa hiyo imekaa vizuri, isipokuwa kwenye maungio mawili ya chini ambako brashi haikufika, hapo pameanza kuliwa. Mkichongesha simamieni hilo, ingizeni jicho chini kabisa kabla hajapaka rangi ya juu.

Pedeli ya sabuni mi naiona ni mapambo. Ukikanyaga kidogo haitoki, ukikanyaga sana inamwaga sabuni ya kuoshea kanzu tatu. Niliing'oa nikaning'iniza kipande cha sabuni kwenye neti, nimepumzika. Na ndoo ikikaribia kuisha stendi inakuwa nyepesi, mtoto akiegemea inaondoka naye, mwambieni awawekee bati zito chini au mfunge ukutani na waya.

Kuna duka moja mjini walikuwa wanauza za kutoka Dar, zinang'aa, bei karibu mara mbili. Jirani yangu alichukua. Springi ilikatika na hakuna wa kuitengeneza hapa, sasa hivi anaanikia taulo.

Mtu atauliza korona imepita mbona bado unayo. Mi nawashonea watu kanzu nyeupe, na wateja wangu wanatoka sokoni, mikono ina samaki, ina nazi, na msimu ukifika ina korosho. Mafuta ya ganda la korosho au maji ya bibo yakigusa kitambaa cheupe hapo umenunua kitambaa cha watu, hakuna jiki itakayokusaidia. Zamani nilikuwa naharibikiwa kila msimu kwa sababu ya mtu anayekuja kushika shika "fundi hebu nione imefikia wapi". Sasa hivi hata hawaulizi, wanakanyaga ndio wanaingia. Kwa hiyo kama kitu cha korona naipa nyota tatu, kama kitu cha duka la mshonaji au mama ntilie au saluni naipa nne na nusu, ile nusu niliyoikata ni ya koki.

Bei yake ya sasa imepanda kwa sababu ya chuma, mpigieni kelele kidogo anashuka. Nendeni na ndoo yenu, na mseme mapema mnataka kimo gani, maana yangu watoto wadogo hawaifikii mpaka wasimame kwenye tofali, na dada wa saluni, wewe wateja wako wanakaa chini, mwambie akufanyie fupi.