Gemu za zamani nilizozicheza tena mwaka huu, na zipi bado ziko moto

Mwezi uliopita nilishusha lile boksi lililokaa juu ya kabati nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, miaka na miaka, mamangu kila Ramadhani ikikaribia akisafisha nyumba huuliza haya madude yako yatatoka lini humu, na ndani vitu vyote vimo, TV gemu ya kaseti (si Famicom yenyewe ya Nintendo, ni zile nakala zake zilizojaa mjini siku hizo), briki gemu moja (ile ndogo ya mkononi ya viboksi), PlayStation ya kwanza ile ya kijivu, PS2, na PSP yangu, ile PlayStation ya mkononi, ambayo nilidhani nshaigawa zamani. Nikasema wallahi nitazicheza zote moja moja, niandike ipi bado nzuri na ipi ilikuwa nzuri kwa sababu tulikuwa watoto tu.

Kipimo changu ni kimoja. Gemu ikiwashwa pale sebuleni, watu wasogea au hawasogei? Maana sisi hatukujifunzia gemu chumbani na hedifoni, tulijifunzia kwa kibanda cha gemu, TV moja, pedi mbili, benchi la watu wanane na wengine wamesimama mlangoni, kumi bob gemu moja na anayefungwa ndo alipa na ainuka.

Kwanza TV. Ukitaka kufanya hivi usiende na flat skrini ukadhani mambo yatakuwa sawa. Nilijaribu kwa ile kubwa ya sebuleni na kila kitu chachelewa, wabonyeza kuruka na yule mtu aruka wakati ashaanguka shimoni, kwa sababu hizi TV mpya huichakata picha kwanza ndo zikakuonyesha. Na Duck Hunt, ile gemu ya kupiga bata kwa bunduki ya plastiki, ndo usahau kabisa. Ile bunduki haitoi chochote, yenyewe ni jicho: ukivuta, skrini yawa nyeusi kwa mpigo mmoja halafu pale alipo bata patokea kiboksi cheupe, na bunduki yatazama kama imeuona ule mwanga. Kwa TV ya kichogo mwanga wafika saa ile ile, kwa flat skrini wafika umechelewa, basi utampiga bata mpaka asubuhi na hafi. Nikazunguka siku mbili mpaka nikapata TV ya kichogo ya inchi 14 kwa fundi mmoja Kongowea, akaniachia kwa bei ya kutupa na adapta ya juu, yeye mwenyewe ashangaa yupo mtu bado aitaka.

Pili ni kaseti zenyewe. Hapa kwetu chuma chochote kikikaa bila kutumika hewa ya bahari yakila, na meno ya kaseti ni hivo hivo. Sote tulikuwa tukipuliza, si kweli? Kumbe kupuliza hakusaidii kitu, kilichokuwa kikisaidia ni kuitoa na kuirudisha, meno yakashikana upya, na ile pumzi yenye unyevu ndo yazidisha kutu. Mie sai natumia kile kijiti cha pamba cha masikio na spiriti ya duka la dawa, wachovya, wasugua jino moja moja taratibu, pamba yatoka kijani kabisa, wabadilisha ya pili, ya tatu, mpaka itoke nyeupe. Halafu waiacha ikauke. Kaseti sita kati ya saba zimewaka, na ile ya saba bado sijakata tamaa nayo.

Haya, Contra, ile ya wanajeshi wawili wakimbia wapiga risasi. Hii ya kaseti ni ya mwaka 1988, na wallahi hii gemu haijazeeka hata siku moja. Leveli ni 8, risasi moja tu na umekufa, watu wawili wacheza pamoja kwa skrini moja, na ukipata ile S ya risasi za kutawanyika waishikilia kama roho yako. Ile siri ya maisha 30 vidole vyangu bado vyaikumbuka vyenyewe, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, na hakuibuni kwa Contra, aliiweka kwanza kwa Gradius, gemu nyingine ya Konami, mwaka 1986 kwa sababu alikuwa ataka kuijaribu gemu na ilikuwa yamshinda kwa ugumu. Alifariki mwaka 2020, Mungu ampe kila la kheri huko aliko, maana aliwapa watoto wa kibanda chetu jioni nyingi sana.

Lakini kinachofanya Contra iwe Contra ni leveli ya tatu, ile ya maporomoko ya maji. Skrini yenu yapanda juu, na mmoja akipanda haraka, yule wa chini akitoka kwa picha afa hapo hapo hata kama hajaguswa na risasi. Kakangu alikuwa mwepesi kuliko mie na kila siku nilifia hapo, nashika ukingo wa jiwe huku nalia "kaka ningoje, ningoje!" na yeye ashafika juu huko. Sasa juzi nimecheza na mwanawe wa miaka tisa, tumefika kwa maporomoko, mie nikaruka mara tatu bila kufikiri, na pembeni yangu nikasikia sauti ile ile, "ami ningoje!" Nikasimama. Nikakaa pale kwa jiwe risasi zanijia na nimepoteza maisha mawili namngoja apande. Kakangu alikuwa kwa kochi na simu yake, akaiweka chini akasogea kukaa nasi kwa mkeka. Hiyo kwa kipimo changu ni kumi kwa kumi.

Kaseti ile ile ina Battle City ya Namco ya 1985, ile ya vifaru na yule ndege wa kumlinda. Leveli 35, na ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya kifaru chake chaganda kwa muda, ugomvi waanzia hapo. Ukiokota sepetu ukuta wa ndege wageuka chuma. Na kuna sehemu ya kujenga ramani yako mwenyewe, mtoto wa kakangu ametumia saa nzima humo ajenga tu, hata kucheza hajacheza. Nzuri sana bado.

Briki gemu sitaisemea kwa urefu kwa sababu ndani ni Tetris na mengine yote ni ya kujaza. Ila Tetris ni Tetris, Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984, vipande saba tu vya viboksi vinnevinne, na miaka hii yote hakuna mtu aliyehitaji kuongeza kipande cha nane. Nilichogundua safari hii ni kuwa skrini yake haina taa ya ndani, sasa panda nayo feri ya Likoni saa saba mchana jua limesimama utosini, simu za watu wote hazionekani kitu, wajikinga na viganja, na yako ndo kwanza yazidi kuonekana. Ndo hivo hivo Game Boy ilivyokuwa ilipotoka mwaka 1989, skrini ya kutegemea mwanga wa nje na betri nne, na Tetris humo humo ndani ya boksi kwa wanunuzi wa Marekani. Mzee mmoja kwa feri aliniegemea bega kuangalia, mpaka tunafika ng'ambo ashaanza kunielekeza, "hicho kirefu kisimamishe, kisimamishe kwa ukuta!" Nikampa acheze tukashuka naye tunatembea pole pole mpaka akafungwa.

PlayStation ya kwanza ilikataa kusoma sidii, lenzi imetumika mpaka imechoka, nikafanya tulivyokuwa tukifanya kibandani: nimeigeuza kichwa chini miguu juu, ikasoma. Kama una ya kwako imelala usiitupe kabla ya kujaribu hivyo. Nikaweka Tekken 3, ile ya kupigana ngumi na mateke, toleo la nyumbani ni la mwaka 1998, na picha sitasema uongo zimezeeka, nyuso ni za pembe pembe. Lakini mwendo! Ngumi yatua pale pale ulipobonyeza. Eddy Gordo yule Mbrazili wa kapoeira aliingia mara ya kwanza humu, na sote twajua shida yake, mtu hajawahi kushika pedi maishani apapasa batani za mateke tu na akutoa. Watu wengi walimchukia kwa hilo, mie nasema ndo fadhila yake kubwa, kwa sababu ndo mlango ambao dadangu aliingilia, na baada ya wiki mbili alikuwa ashahama kwa Eddy acheza na Hwoarang, mpiganaji mwingine wa humo, na kibanda kizima hakuna wa kumtoa. Gemu inayompa mgeni nafasi ya kushinda siku ya kwanza na bado ina kina cha miaka kumi, hiyo imetengenezwa na watu wanaojua kazi. Tisa.

Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004 nimeirudia kwa moyo na kidogo imenivunja. Ramani bado ajabu, miji mitatu na mashamba na jangwa, wafunga redio wasikiliza upepo, na chiti (zile siri za kubonyeza batani) zote bado ziko kwa daftari langu la hesabu la darasa la saba, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu nyekundu. R1 R2 L1 X, kisha kushoto chini kulia juu mara mbili, wapata afya, fulana ya risasi na dola 250,000. Ila ni gemu ya mtu mmoja, wengine wanakaa tu. Zamani tulikaa saa tatu kumwangalia mtu aendesha gari, sasa hivi watu wamekaa dakika ishirini wakaenda jikoni. Kwa wale bado wamekwama kwa kazi ya treni na Big Smoke, yule uliyempakia nyuma ya pikipiki apiga risasi: usiikumbatie treni, kaa mbali nayo kidogo upande wa kulia ili apate kuwalenga wale wa juu. Nimepita mara ya kwanza.

PSP vile vile. God of War: Chains of Olympus ya mwaka 2008 ni kazi ya ajabu kwa kitu kinachoingia mfukoni, nimeimaliza yote siku mbili usiku na naipenda, lakini ni yangu peke yangu, hakuna aliyesogea. Na kabla hujachaji mashine yoyote ya mkononi iliyolala miaka, fungua utazame betri, betri ya lithiamu iliyozeeka huvimba na ikivimba usiichomeke.

Nimeiacha PES 6 mwisho na ndo nilianza nayo kweli, usiku ule ule wa kwanza. Konami, mwaka 2006, kwa PS2. Kwangu hakuna gemu ya mpira iliyoifikia hadi leo. Leseni hawakuwa nazo, ligi ya Uingereza ni Arsenal na Manchester United tu wenye majina yao, Chelsea waitwa London FC, Liverpool ni Merseyside Red, na hakuna mtu kibandani aliyejali, sisi twajua nani ni nani kwa mwendo. Uzito wa mpira ndo siri. Pasi ya mbele kwa batani ya pembetatu huihisi kwa kidole gumba kama imetoka nzuri kabla hujaona itakapofika. Na Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto, kutoka mita thelathini kipa aishia kuugeukia wavu. Kibanda chetu kilikuwa na karatasi imebandikwa ukutani, HAKUNA INTER, na mtu akishikwa nayo alipa gemu mbili.

Usiku ule kakangu alipiga simu moja tu na kufikia saa nne tulikuwa watu saba kwa sebule ya mamangu, watu wa miaka arobaini, viatu vimejaa mlangoni kama msikitini, viazi karai kwa gazeti, na aliyefungwa ainuka bila kuambiwa. Mamangu alipita akasimama akauliza kwani nyie hamna makwenu, kisha akaleta chai.

Walipoondoka nikaangalia memori kadi, ile nyeusi ya MB 8. Ndani kuna Master League ya kakangu (ile sehemu ya PES ya kuiongoza timu yako msimu baada ya msimu), msimu wa nne, timu bado ina Castolo mbele na Minanda katikati, wale wachezaji wa bure wa kuanzia ambao kila mtu huwauza mwaka wa kwanza, yeye hakuwauza. Pointi mbili nyuma ya anayeongoza, mechi tano zimebaki. Aliiacha hapo alipopata kazi bandarini. Nikampigia nikamwambia nimeikuta, nimuendelezee? Akanyamaza kidogo halafu akasema hiyo usiiguse, Jumamosi nikitoka shifti naja.