Uzoefu wangu: miezi minne na programu ya simu ya kulinoa sikio

Ninafundisha kwaya ya kanisa, na kwa miaka mingi nilitegemea kinanda kinipe sauti ya kuanzia. Umeme ulipokatika, niliutafuta ufunguo wa wimbo, yaani nota inayokuwa Do, kwa kubahatisha. Ndiyo maana nilinunua programu hii ya kutambua nota kwa sikio, nami nimefanya nayo mazoezi dakika 15 kila alfajiri kwa miezi minne.

Kwanza hupiga makundi machache ya nota kwa pamoja, kama mpiga kinanda anavyoitayarisha kwaya kabla ya wimbo, kisha hupiga nota moja, na mtumiaji hubonyeza jina lake. Kilichonifaidi zaidi huja baada ya jibu, kwa kuwa programu huirudisha nota hiyo kwa Do hatua kwa hatua: Fa hushuka kupitia Mi na Re, ilhali Ti hupanda mara moja. Kwa wiki tatu nilichanganya Mi na La, mpaka nilipoacha kuhesabu umbali na kuanza kusikiliza jinsi kila nota inavyotulia au inavyotaka kusogea, tabia ambayo haibadiliki hata ufunguo unapohamishwa.

Matunda yake nimeyaona kwayani. Sasa ninabeba kile chuma chenye meno mawili kinachotoa nota A, yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa F, sauti hiyo ninaiita Mi, ninashuka hadi Do, na kila kundi, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, linapata mwanzo wake. Katika G ninaiita Re, na katika D ninaiita So.

Anayetarajia kuitaja nota bila kupewa nyingine ya kulinganisha asiinunue kwa ajili hiyo, kwani uwezo huo kwa kawaida hujengeka utotoni, na mimi bado sina. Aidha, sauti zote humo ni za piano, zenye nusu toni 12 zilizo sawa katika oktavu (kutoka Do hadi Do inayofuata), hivyo mpiga udi au kanuni hatazikuta zile sauti za katikati ambazo maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rasti na Bayati huzihitaji. Spika ya simu nayo huzififisha nota za chini, kwa hiyo ninashauri spika za masikioni, hasa kwa waimbaji wa besi.

Ninaendelea kuitumia, sasa katika kiwango cha nota zote 12, ambako Fa na Fa iliyopandishwa bado zinanisumbua.