Pilsna ya kiwanda kidogo: chupa ya pili ndiyo iliyosema ukweli

Chupa ya kwanza ya pilsna hii, ile bia ya dhahabu inayochachushwa na kutulizwa kwenye baridi, niliiharibu mwenyewe. Niliitoa kwenye friji ikiwa baridi ya kuumiza meno, nikainywa kwa kiu, na nusu glasi ilikuwa imeshakwenda nilipokumbuka kwamba nilikusudia kuionja. Ilikuwa baridi, ilikuwa na gesi, basi. Baridi ikizidi, ulimi hufa ganzi na harufu hulala, na hapo bia ya fundi haitofautiani na bia yoyote ile.

Ya pili niliiacha mezani kama robo saa. Glasi niliisuuza vizuri, maana mabaki ya mafuta au sabuni huua povu, halafu nikamimina bila woga. Rangi ni dhahabu yenye ukungu kidogo kwa kuwa haikuchujwa. Povu lilipanda jeupe na zito, likakaa, na kila nilipopiga funda likaacha pete ukutani mwa glasi. Mpaka hapo nilikuwa nimesharidhika.

Harufu ndiyo iliyonifanya niiweke glasi chini na kuinusa tena. Kwanza unakuja ukoko wa mkate, huo ni wa kimea cha shayiri, kisha majani mabichi, maua, na kitu kinachokaribia pilipili manga. Lebo inasema hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ni Saaz, zile za eneo la Žatec huko Ucheki, na mimi naamini. Hazina kelele za maembe na machungwa kama hopsi za kisasa za Marekani. Zinanong'ona.

Aina hii ya bia ilizaliwa kwa hasira za watu waliochoka kunyweshwa bia mbovu. Mjini Plzeň, huko huko Ucheki, mwaka 1838, mapipa ya bia iliyoharibika yalimwagwa hadharani. Wenye haki ya kupika bia wakajenga kiwanda chao cha pamoja na kumwajiri Josef Groll, fundi kutoka Bavaria. Mwaka 1842 akapika bia kwa kimea cheupe, hopsi za Žatec, maji ya pale yenye madini machache mno, na hamira inayofanya kazi kwenye baridi. Vitu vinne tu. Ndiyo maana mimi humpima fundi kwa pilsna yake kabla ya hizo bia nyeusi za kahawa na chokoleti, kwani katika pilsna kosa halina pa kujificha.

Na hapa kosa lipo. Funda za mwanzo zilikuwa safi: utamu mwembamba wa nafaka, kisha uchungu ulionyooka, usiokwaruza, unaokausha mdomo na kukuita tena kwenye glasi. Kilevi ni asilimia 4.8, hakisikiki. Lakini bia ilivyozidi kupata joto, siagi ikajitokeza, kidogo mwanzoni, halafu kila funda ikawa imepakwa. Siagi hiyo inaitwa diasetili. Hutokana na kazi ya hamira yenyewe, na hamira hiyo hiyo huisafisha mwishoni ikipewa muda na joto la kutosha kabla bia haijapelekwa kwenye baridi. Wacheki wengine huivumilia kidogo, hata huipenda. Hii ilipita kiasi, na kwangu ni dalili ya haraka.

Haraka hiyo naielewa, ingawa siisamehe. Pilsna huhitaji wiki kadhaa za kutulia kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0, na muda wote huo tangi limeshikwa. Mwenye matangi machache akipika eli, bia inayochacha kwenye joto zaidi na kukomaa upesi, huwa ameshaiuza na kuanza nyingine wakati pilsna bado imelala. Ila kama huna subira, pika eli! Hakuna atakayekulaumu.

Chupa ni ya kahawia, na hilo nawapongeza, kwa sababu mwanga ukigusa hopsi kupitia chupa ya kijani au nyeupe, bia hunuka kama kicheche. Tarehe ya kujazwa imeandikwa, ingawa kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi.

Jina la kiwanda naliacha, maana huenda ni tangi moja tu lililokosewa. Niliwaandikia wenyewe nikaeleza habari ya siagi. Wakajibu kwa uungwana kwamba toleo hilo lilitolewa mapema kuliko walivyopanga, na linalofuata bado limo tangini wala hawaligusi. Jibu hilo limenipunguzia hasira kuliko punguzo lolote la bei. Kwa mapishi ningewapa nane juu ya kumi, kwa subira nne. Toleo lijalo nitanunua, chupa moja kwanza, na safari hii haitaingia mdomoni kabla ya robo saa yake kuisha.