Programu ya tiketi za boti: nyota 2, na jina la mama limekwenda matembezi

Tangu Mfungo Tatu nakata tiketi za Mkoani kwenda Malindi ya Unguja kwa simu. Kwa wepesi sina la kuwalaumu: dakika mbili pesa imetoka, tiketi imeingia, wala hupigwi jua dirishani.

Jina kamili na namba ya kitambulisho natoa bila kinyongo. Sisi wa Pemba tunajua kwa nini. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake, na orodha ya abiria haikufaa kitu. Jamaa ndio waliokwenda kutaja nani hakurudi.

Lakini jina nililolitoa kwa ajili ya bahari libaki huko huko. Mwezi uliopita nilimkatia mama, kidole kikateleza, nikaandika Mwanaidu badala ya Mwanaidi. Karani wa getini alicheka, akampitisha. Wiki haijesha, ujumbe ukaanza kumiminika: “Mpendwa Mwanaidu, mkopo wako umeidhinishwa.” Mara mapazia, mara bahati nasibu. Na huyo Mwanaidu hayupo popote duniani ila kwenye programu ile.

Ndipo nikaisoma sera ya faragha, niliyoikubali siku ya kujisajili bila kuifungua (na wewe pia, usinicheke). Kiingereza kitupu, kwa abiria wa Mkoani! Mpwa wangu akanifasiria. Katikati huko imo: taarifa zako wanaweza kuwapa “washirika wa kibiashara”. Washirika gani, hawatajwi. Zitakaa muda gani, hakuna. Kwa kuomba zifutwe kuna barua pepe moja tu. Nimeandika mara mbili, kimya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na inakupa haki ya kukataa kutangaziwa biashara kwazo. Kwa Zanzibar haigusi yasiyo ya Muungano, basi usidhani itambana kila mwenye duka. Malalamiko yangu kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nimeshayaandika hata hivyo, na picha za ujumbe zote nimezihifadhi.

Unayeendelea kuitumia, ingia kwenye mipangilio ya simu uizuie isione majina uliyohifadhi wala mahali ulipo. Nimejaribu, tiketi inatoka vilevile. Sasa walikuwa wanaviombea nini?

Mama yeye kachoka, juzi kawajibu mwenyewe: “Mwanaidu hayupo, kasafiri.”