Wakala wa ajira mjini Unguja: lipia mazoezi, CV andika mwenyewe

Huduma yenyewe ni ya wakala binafsi anayewatafutia kazi za kuanzia waliomaliza diploma au shahada za biashara: karani wa stoo, mpokeaji bidhaa, keshia, msaidizi wa manunuzi, msaidizi wa uhasibu. Jina lake naliacha. Nililipa shilingi 60,000: usajili 15,000, kuandikiwa CV 20,000, na siku tatu za mazoezi ya usaili 25,000. Hiyo 25,000 ningeilipa tena kesho. Ile 20,000 bora ningenunulia bando.

CV waliyoniandikia ilikuwa kurasa nne, nusu ya ukurasa wa kwanza imejaa "malengo yangu", maneno yaleyale niliyoyakuta kwenye CV ya mteja mwengine tuliyekaa naye benchi moja. Kurasa mbili zinatosha. Juu weka jina, simu, barua pepe na mtaa unaoishi; hoteli ya Nungwi ikiona unakaa Fuoni inajua mapema kama gari lao la wafanyakazi linakupitia. Usiandike "ninaijua Excel". Andika unachokifanya nayo: kujumlisha kwa masharti, kutafuta bei kwa VLOOKUP, kupanga orodha ya wadai kwa tarehe. Kama ulifanya mafunzo ya vitendo, taja idadi: stoo ilikuwa na aina ngapi za bidhaa na ulihesabu mara ngapi kwa wiki. Faili iwe PDF yenye jina lako, si "CV mpya ya mwisho 2".

Kwenye mazoezi ndiko pesa yangu iliporudi. Mkufunzi aliwahi kusimamia hesabu za hoteli, na maswali yake yalitoka stoo. Mfano: asubuhi ya tarehe 1 kuna kreti 12 za soda, mwezi mzima zimeingia 30, mwisho zimebaki 9. Zimetumika ngapi? 12 jumlisha 30 toa 9 ni 33, na kwa kreti ya chupa 24 hizo ni chupa 792. Bili za baa zinaonesha 770. Zimepungua 22. Wengi hapo hukimbilia kusema zimeibiwa, na ndipo wanapoanguka. Anayekuuliza anataka kusikia mpangilio: kwanza angalia hati za kuhamisha bidhaa kwenda baa ya ufukweni, halafu daftari la zilizovunjika, halafu zilizotolewa bure kwa wageni, halafu kama kuna kreti tupu ilihesabiwa kuwa imejaa. Ukishamaliza yote hayo ndipo unaandika upungufu na kumpelekea mkubwa wako. Mwizi humtaji.

Zoezi jengine lilikuwa la kupokea samaki. Mvuvi hana ankara, na ndoo imejaa barafu. Pima ndoo tupu kwanza, ondoa barafu, pweza mwache achuruzike maji, ndio upime. Ndoo ya kilo 2 na barafu ya kilo 3 usipozitoa, hoteli imelipia kilo 5 za ndoo na barafu, na jikoni watakuja kukuuliza wewe. Kisha vocha ya malipo: tarehe, aina, uzito, bei ya kilo, jumla, saini ya mvuvi na ya mpishi aliyeukubali mzigo. Mtu akikwambia "saini tutaweka baadae", pesa usitoe.

Kasoro kubwa ya wakala huyu ni kalenda. Alinisajili mwezi wa Machi bila kuniambia kwamba Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi hupunguza watu na nyengine hufunga kabisa. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, halafu Disemba hadi Februari. Kwa hiyo maombi ya hoteli yapeleke Mei, kisha tena Oktoba na Novemba. Maduka ya jumla na kampuni za kutoa mizigo bandarini hazifuati sana mwendo huo. Huko waulize wakati wowote.

Pesa ya usajili waliipokea bila kunipa risiti. Idai palepale, na uwaandikishe kama 15,000 ni ya miezi mingapi.

Karatasi za kuwa nazo mkononi: Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya sheha ya karibuni, nakala za vyeti, na simu za wadhamini wawili waliokwishaambiwa kwamba watapigiwa. Ukipata kazi, kabla ya kusaini soma muda wa majaribio, uliza kama utaandikishwa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) tangu mwezi wa mwanzo, na kama gawio la huduma (service charge) analopata mhudumu linamfika na mtu wa stoo. Hoteli hazifanani katika hilo, na kwa mshahara wa kuanzia tofauti yake unaiona.

Kwa anayetoka Pemba: mazoezi yote ni ana kwa ana na ofisi iko Unguja tu. Wapigie kabla ya kukata tiketi ya boti, uombe siku tatu za mazoezi na usaili wowote ulio tayari viwekwe wiki moja. Mimi nilishuhudia mtu wa Wete akivuka bahari mara mbili kwa kitu cha safari moja.